Chaki ya Fundi wa Milango

Kibandani kwangu, Mashimoni, Nairobi, nimetundika kipande cha kadibodi nilichokiandika mwenyewe kwa kalamu nene: HAPA NI CHAI. SIASA PELEKA KWENU. Wateja wageni wakikisoma hucheka, wengine hunisifu. Wanasema nchi hii ingekuwa na akina mama kumi kama mimi tungekuwa mbali. Mimi hukoroga chai na kunyamaza, maana nikifungua mdomo nitawaambia ukweli na mandazi yatawakwama kooni. Kadibodi ile si hekima. Niliitundika nikiwa nimeshaharibu, na niliyemharibia hayupo tena kuisoma.

Zamani hapa palikuwa bunge. Ndivyo wanaume walivyopaita. Mabenchi mawili yalitazamana mbele ya mlango wangu, jiko likawa katikati, na mimi nyuma ya jiko. Asubuhi kabla watu hawajatawanyika kwenda mjengoni na gereji, walikaa hapo wakabishana mpaka chai ikapoa. Kulikuwa na mlinzi mmoja, mtu mzima, mtu wa kwetu Magharibi, aliyekuwa akitoka kazini asubuhi na gazeti la jana kwapani. Gazeti hilo moja lilisomwa na watu kumi. Mwenye kulishika ndiye aliyekuwa spika wa siku hiyo.

Mabenchi yenyewe yalitengenezwa na jirani yangu. Alikuwa fundi wa mbao, mtu wa Kitui, mwembamba, mwenye penseli sikioni hata siku ya kanisa. Nyumba yake na yangu ziligawanywa na bati moja. Mtoto wake akikohoa, mimi ndiye niliyeamka. Mimi na mkewe tulikuwa tumeshibana kwa namna ambayo siku hizi naona aibu kuieleza. Asubuhi yeye ndiye aliyewasha jiko kwanza, na mimi nikaomba moto kwake, makaa mawili matatu kwenye sepeto, nikaanza chai yangu. Nami sikulala bila kujua kama wamekula.

Na vyombo vilikuwa vikitembea. Leo sufuria yangu iko kwake, kesho bakuli lake liko kwangu. Kwao Ukambani na kwetu Magharibi desturi hiyo ni ile ile: hurudishi chombo cha jirani bila kutia kitu ndani. Akirudisha sufuria, ndani nimekuta ndengu, au muthokoi wa mahindi uliobaki. Mimi nikirudisha bakuli, nimetia mboga ya mrenda au ndizi mbili. Kuna mwezi ambao sote tulikuwa tumekauka kabisa, akanirudishia kikombe chenye chumvi kidogo tu chini, akacheka, "Si ni kitu, jirani." Nami nikaitia hiyo chumvi kwa mboga na tukala.

Basi huyo mumewe alikuwa na ulimi. Yeye na mlinzi walikuwa na wagombea tofauti tangu niwajue, na kila asubuhi walitukaniana wagombea wao, kisha wakagawana gazeti. Nilikuwa nikidhani ni kelele za bure. Sasa najua kelele zile zilikuwa na kazi. Siku moja kijana wa boda, naye mtu wa kwetu, mtu wa miaka thelathini anayeishi na simu mkononi, alikuja na habari kwamba kwenye maji ya kioski imetiwa dawa ya kuwafanya watu walale siku ya kura. Watu wakaanza kutazama mitungi yao. Fundi akameza chai, akasema, "Mimi hayo maji nayanywa miaka sita. Mbona bado naamka nikiwa nimechoka?" Mabenchi yote mawili yakavunjika kwa kicheko, mlinzi akiwa wa kwanza. Uongo ule uliishia hapo hapo, haukufika hata kona ya choo.

Halafu ukaja mwaka wa uchaguzi. Wakubwa waliokuwa wakila meza moja wakagombana, wa Ukambani wakaenda upande ule na wa kwetu wakabaki upande huu. Hakuna aliyekuja Mashimoni kutuambia tukae vipi. Tulijipanga wenyewe. Benchi la kushoto likawa la watu wa Magharibi, la kulia likawa la watu wa Ukambani, na kabla ya miezi miwili lile la kulia likawa halina mtu. Walianza kunywa chai yao juu, karibu na barabara, kwa mama mwingine. Fundi peke yake ndiye aliyeendelea kuja, lakini hakukaa. Alisimama, akanywa haraka, akarudisha kikombe. Kisha akaanza kuja na kikombe chake, nikamjazia, akaenda kunywea mlangoni kwake.

Bunge likabaki na upande mmoja, na nawaambia, lilinoga. Hakuna aliyekatizwa. Mtu alisema jambo, wa pili akaliongezea, wa tatu akasema hata shemeji yake ameliona kwa macho. Mtu aliyeleta habari mbaya zaidi ya upande ule ndiye aliyesikilizwa zaidi, na aliyesema "lakini" alitazamwa kama mtu aliyejamba kanisani. Mimi nami niliona. Nikijifanya sijui, walinipita kama kiti. Nikitia maneno makali, walicheka, wakaniita mathe wao, mama wa ukweli, wakakaa zaidi, wakaagiza tena. Mwanamke aliyeachwa na mume na kusikilizwa na jiko tu kwa miaka, ghafla ana wanaume kumi wanaongoja aseme nini. Sitajitetea. Nilipenda.

Mvua za mwaka ule zilikuwa mbaya. Ploti yetu ina safu mbili: ya juu imejengwa kwenye ukingo wa mawe, ya chini iko kando ya mtaro. Sisi wa Magharibi tulikuja baadaye, ndugu akimvuta ndugu, tukajaa safu ya chini. Watu wa Ukambani, ukimwacha fundi jirani yangu, walikuwa juu. Mtaro ukifurika, maji machafu yanakaa kwenye milango ya chini siku nzima, na mbao zinaoza kuanzia miguuni. Mwenye ploti akamwita fundi, akamwambia apitie milango yote aone ipi itengenezwe.

Asubuhi hiyo alisimama mbele ya jiko langu na kipande cha chaki. Akanieleza, bila hata mimi kumuuliza, kwa kuwa alikuwa mtu wa kueleza kazi yake. "Nikiandika X, mlango umeoza chini, unatolewa wote. Nikiandika duara, ni bawaba tu." Nikamwambia aanze na ule wa mkabala, unaniudhi kila siku kwa kulia. Akacheka, akauandikia X. Wangu hakuuandikia kitu, maana alikuwa ameutengeneza upya mwaka uliotangulia. Kwa hivyo nilijua. Mimi ndiye mtu pekee katika ploti ile aliyekuwa ameelezwa kwa mdomo wake mwenyewe.

Kesho yake bunge liliamka vibaya. Kijana wa boda alifika hata hajazima pikipiki.

"Mathe, umecheki hizo X kwa milango?"

"Nimeona."

"Mbona ni za huku chini pekee? Za kwetu tu. Huko juu nimepita, hakuna hata moja."

Waliokuwa katika mji huu wakati wa vurugu za zamani wanajua alama mlangoni ni kitu gani. Kuna walioamka wakakuta alama, na jioni yake hawakuwa na nyumba. Sio jambo la mtu kuchekea. Mlinzi alikunja gazeti lake polepole, wote wakanigeukia mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyeishi ukuta kwa ukuta na mwenye chaki.

Maneno mawili yalitosha. Mbao zimeoza. Ningesema hayo, wangekunywa chai yao wakaenda kazini. Lakini nyuso zile zilikuwa zimeningoja, na mdomo wangu ulikuwa umezoea kulishwa vicheko. Nikageuza mandazi kwenye mafuta, nikasema, "Si anatuhesabu! Anataka kujua nani atalala nje matokeo yakitoka. Mimi ameniacha, lazima abakishe mtu wa kumpikia chai."

Walicheka. Hata mimi nilicheka, tena kwa sauti. Mlinzi hakucheka. Alisema taratibu, "Huyu ni jirani yake. Hawezi kuongea kitu hajui." Kijana wa boda alikuwa ameshainamia simu yake. Niliona vidole vikicheza. Nikajiambia nitawaeleza kesho wakitulia, nikachukua mwiko nikaendelea na kazi yangu.

Mchana dada yangu alinipigia kutoka nyumbani, Kakamega. Alikuwa analia. "Toka huko leo leo," alisema. "Nyumba zinawekwa alama." Nikamuuliza amesikia wapi. Akanitumia ujumbe wa sauti uliokuwa umezunguka makundi ya simu ya ukoo, ya kanisa na ya waliosoma pamoja. Sauti ya mwanamume nisiyemjua, yenye utulivu kama ya mtangazaji, ilisema kwamba Mashimoni kazi imeanza. Kwamba fundi mmoja ametumwa kuhesabu nyumba za watu wetu. Kwamba jambo hilo limethibitishwa na jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mama wa chai, ambaye yeye ameachwa bila alama ili aendelee kumpikia.

Yalikuwa maneno yangu. Yamevishwa suti tu, lakini ni yangu.

Nitasema sasa kitu ambacho sijawahi kukieleza vizuri kwa mtu yeyote. Niliogopa. Nilijua ni mimi niliyelitunga, asubuhi ile ile, nikigeuza mandazi. Na bado niliposikia likirudi kwa sauti ya mtu mwingine, kutoka Kakamega, nilianza kufikiri: labda nilitania nikagonga ukweli. Labda huyu mwanamume ana habari zaidi. Watu wote hao hawawezi kuwa wajinga. Nikachukua mfuko, nikatia vyeti vya watoto, kitambulisho na picha ya mama yangu. Jioni nikasikia kwa jirani msumeno ukinolewa kwa tupa, krii, krii. Fundi alinoa msumeno wake kila jioni miaka yote sita, na watoto wangu walizoea kulala kwa sauti ile. Jioni hiyo nilikaa sakafuni nimeshika mfuko nikijiuliza ananoa nini.

Asubuhi iliyofuata alikuja mwenyewe. Kwenye mabenchi kulikuwa na watu kama kumi na watano, wengine sikuwajua. Alikuwa ameusikia ujumbe, na alikuja na chaki mkononi, nadhani akifikiri kuionyesha kutasaidia. Hakuwaamkia wao. Alinigeukia mimi.

"Mama, waambie. Mimi nilikueleza hapa hapa, si ndiyo? Waambie X ni ya nini."

Chai ilikuwa inachemka. Nilipunguza makaa. Wanaume wote walikuwa wakinitazama, mlinzi, kijana wa boda, na wale nisiowajua. Nilifikiri, nikisema sasa wataniuliza kwa nini jana nilisema vile. Nilifikiri, wataniita msaliti, na nina watoto. Hayo ndiyo niliyofikiri, sikufikiria watoto wake.

"Mimi nauza chai tu," nikasema. "Mambo yenu ya wanaume siyajui."

Hakunikasirikia. Afadhali angenitukana. Alinitazama kama mtu aliyekanyaga mahali alipozoea kuna ngazi, akakuta hakuna. Kisha akaenda kwenye mlango wa mkabala, ule wenye X, akaupiga teke chini. Mbao zikamong'onyoka, zikamwagika kama makapi. "Ona!" akasema. "Imeoza! Angalieni nyinyi wenyewe!" Na mmoja wa wale nisiowajua akapaza sauti, "Sasa ameanza kuvunja milango!"

Baada ya hapo hakukuwa na kusikilizana. Walimsukuma, mtu akamzaba kofi. Sanduku lake la vifaa likatolewa nyumbani, randa, patasi, misumeno mitatu, vingine alivirithi kwa baba yake, likatupwa kwenye mtaro na maji yakalipeleka chini ya uchafu. Aliambiwa saa sita isimkute hapo. Mkewe alifunga godoro kwa kamba ya nguo. Alipita mbele ya kibanda changu mara nne akibeba vitu, na mara zote nne mimi nilikuwa ndani nyuma ya pazia, nikijifanya natafuta sukari. Sufuria yangu ya maharagwe ilikuwa kwake tangu juzi yake. Iliondoka nao.

Uchaguzi ulikuja ukapita. Nawaapia, hakuna aliyeguswa. Hakuna nyumba iliyoungua katika safu yetu, hakuna aliyelala nje, hakuna orodha iliyopatikana popote. Nilingoja watu wa bunge waseme basi tulikosea. Nilingoja wiki nzima. Mwisho mlinzi akafunua gazeti, akasema, "Mnaona? Tulimwahi." Wote wakaitikia kwa kichwa. Kutotokea kwa jambo kukawa ndio ushahidi wake. Nikajaza vikombe.

Miezi ikaenda, mvua nyingine zikaja, na mwenye ploti akatafuta fundi mwingine. Huyu alikuwa mtu wa kwetu, mnene, mchangamfu, na penseli sikioni vile vile. Alipita nyumba hadi nyumba na chaki nyeupe. Nilimwona akiandika X kwenye mlango wa mkabala, juu ya pale ile ya kwanza ilipofutika. Akaandika ya pili, ya tatu, milango ile ile kasoro michache. Wanaume waliinua miguu kwenye benchi apite.

"Fundi, hiyo X ni ya nini?" akauliza kijana wa boda, na mandazi mdomoni.

"Imeoza chini. Inatoka yote."

"Aah."

Ni hilo tu. Aah. Akaendelea kutafuna. Chai niliyokuwa namimina ilinimwagikia mkononi na sikusikia moto wake mpaka baadaye.

"Na yule mwingine alikuwa anaandika nini?" nikasema. Nadhani nilipiga kelele, kwa sababu mtoto kwenye kioski cha maji aligeuka. Nikawaambia yote. Kwamba nilielezwa, kwamba nilijua, kwamba ulikuwa mzaha wangu, nilioutoa hapa hapa nikiwa nageuza mandazi.

Mlinzi alinisikiliza mpaka mwisho kwa heshima. "Mama," akasema, "ulitania, lakini Mungu hutumia hata mzaha. Ulisema ukweli bila kujua. Yule alikuwa na yake." Na wengine wakakubali, wakanihurumia, wakaniambia moyo wangu ni laini sana. Jioni hiyo niliikata kadibodi kutoka katoni ya mafuta ya kupikia. Walioisoma wakahamia kwa mama wa barabarani, na wengi wao hawajarudi.

Nilikuwa nimesikia fundi yuko Kabiro, kule Kawangware. Jumapili baada ya kanisa nilienda, kwa miguu, kwa sababu nilitaka njia iwe ndefu. Sikubeba kitu. Sikujua mtu hubeba nini akienda kusema neno kama lile. Nilitaka jambo moja tu: ajue ni mimi, anitukane, anipige akitaka, halafu kati yetu pawe na ukweli hata kama hapana kingine.

Nilimkuta amepata kibanda kando ya njia, kati ya nyumba za kupanga zilizobanana mpaka jua linapita kwa shida. Msumeno mmoja, randa ya kuazima. Na mbele ya kibanda, benchi. Lilikuwa limejaa wanaume, watu wa Machakos na Kitui kwa lafudhi zao, na yeye ndiye aliyekuwa akizungumza. Aliponiona alisimama. Alifurahi. Sikuwa nimejiandaa kwa hilo.

"Karibu mama, karibu sana! Keti!" Akawageukia wenzake. "Huyu ndiye yule jirani nilikuwa nawaambia. Huyu ni mtu mzuri. Ni wenzake ndio wabaya."

Nikakaa. Nikaletewa soda. Nao wakaendelea, na nikasikia habari ya Mashimoni kama inavyosimuliwa Kabiro. Kulikuwa na mkutano. Mkubwa mmoja wa kwetu, asiyetajwa, alizitaka nyumba za safu ya juu awape watu wake. Mlinzi ndiye aliyekuwa jicho lake. Gazeti lile la kila siku lilikuwa na maagizo ndani. Jambo lilipangwa mwaka mzima, hatua kwa hatua, na chaki ilikuwa kisingizio tu. Mmoja alikuwa na ujumbe wa sauti kwenye simu wa kuthibitisha. Sauti ya mwanamume, yenye utulivu.

"Hapana," nikasema. "Hakukuwa na mkutano. Ni mimi."

Nikawaeleza. Fundi alicheka kwanza, akidhani natania. Nikarudia neno kwa neno, anatuhesabu, anataka kujua nani atalala nje, lazima abakishe mtu wa kumpikia chai. Kicheko kikamwishia. Uso wake ukaanza kubadilika, na nilifikiri, sasa, ndiyo sasa.

"Ngoja," akasema. "Unataka kuniambia vifaa vya baba yangu vilitupwa kwa mtaro, na watoto wangu wakatolewa shule, kwa sababu ya mzaha wa mandazi?"

"Ndiyo."

"Hapana." Alitikisa kichwa kwa nguvu. "Hapana, mama. Hiyo haiwezekani. Kitu kikubwa hivyo hakiwezi kutoka kwa kitu kama hicho."

"Ni mimi. Naapa."

"Umetumwa," akasema mmoja kwenye benchi. "Huyu ametumwa."

"Hajatumwa, ametishwa," fundi akamkemea. Kisha akanigeukia, sauti yake ikalainika. "Wamekutisha ujitwike hili jambo ili wale wakubwa watoke safi. Nakuelewa. Hata siku ile ulinyamaza kwa sababu ya kuogopa. Mimi na wewe hatuna neno, mama. Nilishakusamehe zamani." Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, na akawaambia wenzake, "Lakini wale wengine, wote, hata mmoja sitamsahau."

Nilienda kurudisha kosa langu kwa mwenyewe, nikaacha limegawiwa watu wangu wote, waliokuwepo na wasiokuwepo, na mimi peke yangu nikatoka bila doa. Nilisimama. Sikuweza kumaliza soda.

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Hakuwa amenisalimia. Alinifuata nje, tukatembea mpaka mahali pazia la nguo zilizoanikwa lilipotuficha tusionwe na watu wa benchi.

"Mimi nakuamini," akasema.

Nilitaka kumshukuru. Akainua kiganja ninyamaze.

"Sikuanza kukuamini leo. Nilikusikia siku ile. Ukuta ulikuwa bati, jirani, ama umesahau? Nilikuwa naweka moto kwa jiko nikakusikia ukisema, na nikakusikia ukicheka. Nikajua ni utani wako. Nikamwambia Mungu, atawaeleza, huyo namjua. Nikangoja siku hiyo yote. Asubuhi mzee akienda kukuuliza, mimi ndiye nilimwambia aende. Nilimwambia nenda kwake, yeye atasema."

Nikashika kamba ya nguo.

"Mzee sijamwambia," akaendelea. "Acha achukie mkubwa asiyemjua. Akijua ni wewe atakuwa hana mtu wa kuamini hapa Nairobi." Akafuta mikono kwa leso yake. "Ngoja hapo."

Alirudi na sufuria yangu, ile ya maharagwe. Aliisugua mpaka ilikuwa inang'aa kuliko siku niliyoinunua, akaifunika, akaifunga kwa kitambaa safi. Akanipa mikononi.

"Usirudi tena," akasema, bila ukali, akaingia ndani.

Niliibeba kifuani kutoka Kabiro. Nilikuwa nikijiambia ni nzito, kuna kitu. Nilijiambia hivyo njia nzima, na sikuifungua, nikipishana na watu waliotoka kanisani, mpaka nikafika Mashimoni mbele ya mabenchi aliyonitengenezea. Hapo nikafungua kitambaa, nikaondoa kifuniko. Nikapitisha kidole chini, polepole, kuzunguka ukingo wote, nikitafuta hata punje ya chumvi. Ilikuwa kavu.